Upande wa Pili wa Kaseti

Mhariri aliniagiza mguu.
Hakusema hivyo. Alisema, "Niletee picha,
vita vya Dhofari vimekwisha, watu wanataka kuona."
Lakini vidole vyake juu ya meza vilipima kitu kifupi,
kuanzia gotini.

Nikapanda Landrova ya posta hadi Mudhairib,
kinasa sauti mapajani kama mtoto wa mtu,
na kichwa cha habari tayari mfukoni:
SHUJAA ARUDI NYUMBANI.
Nilikiandika Ruwi, kabla sijamwona.
Nguo imeshonwa, mwenyewe hajapimwa.

Muhanna bin Zahran alikuwa juu ya paa,
akigeuza tende juani.
Alishuka ngazi kwa kukaa, kidato baada ya kidato,
mguu wa mbao begani kama jembe,
na mimi, Mungu anisamehe, mkono ukaenda kwenye kamera.
Hakukasirika. Alisema, kwa Kiswahili cha Unguja mjini,
"Ngoja nivae. Hata ng'ombe wa mnada huoshwa kwanza."

Kamera ikarudi mkobani.

Nilikuwa na maswali kumi na mawili.
La kwanza: uliua wangapi?
Nikalitazama karatasini, nalo likanitazama.
Nikauliza la kumi na tatu, ambalo halikuwepo:
kule juu, maji mlipata wapi?

Akacheka. Saa nzima akanisimulia punda.
Punda wa madumu manne, mwenye sikio moja,
aliyekuja mara moja kwa wiki
katika ukungu wa kharifu, mkono wako mwenyewe huuoni,
akawanusa wote, mmoja mmoja,
ndiyo maana wakamwita Bwana Afya.
Nilidhani ananikwepa.
Kumbe alikuwa ananipandisha mlima kwa njia ya punda,
kwa kuwa ile nyingine nisingeiweza.

Kwa jirani palikuwa na harusi.
Bunduki zikalia hewani, tatu, nne,
na kalamu yangu ikaruka, ikaandika: *alishtuka*.
Uongo. Alikuwa anatoa kokwa kwenye tende.
Aliyeshtuka ni Shinuna, mkewe, mlangoni,
alishtuka kwa niaba yake, sinia mkononi,
vikombe vikagongana kama meno.
Nikalikata.
Neno moja tu, na kila kijana aliyerudi
angeitwa mwehu sokoni.
Nani angempa kazi? Nani angemwoza binti?

Kisha, alasiri, jambo lile.

Alilisema akiutazama mkeka,
kwa sauti ya mtu anayehesabu deni la mwenzake.
Kaseti ilikuwa ikizunguka.
Alipomaliza akauliza, "Hicho bado kinasikia?"
Nikasema ndiyo.
"Yule ana mama. Yuko hai, Mirbat.
Hajui ilivyokuwa."

Ningeweza kusema: ulikubali mwenyewe,
taa nyekundu uliiona.
Ingekuwa kweli.
Kuna kweli zilizo kama kisu cha kuazima,
makali zinayo, ila si zako za kuchinjia.

Tukaenda kwenye falaji, nyuma ya mitende.
Nikarudisha utepe nyuma, nikabonyeza,
nikakishika kinasa juu ya mfereji
dakika kumi na moja.
Yeye kimya, mimi kimya,
maji yakasema yote.

Usiku nikamsomea nilichoandika, kwa taa ya kandili.
Alibadilisha mawili.
"Shujaa, ondoa. Kwa shujaa huenda kilio,
na humu ndani leo mmekula halua."
La pili: sikio la punda lililokatika
ni la kushoto.

Mhariri aliinamia kinasa, sikio karibu.
"Mbona hapa kuna maji tu?"
"Ndiyo," nikasema.
Sikuongeza, hata hapa siongezi.
Akasikiliza mpaka mwisho hata hivyo,
vidole vimetulia mezani.

Habari ilitoka Alhamisi, ukurasa wa tano,
chini ya bei za saruji.
Mguu haumo.
Punda yumo.